Wanangu, Chekeni na Wazee Wenu

Baba yangu alicheka mbele yangu kwa mara ya kwanza mwaka 1983. Nilikuwa na miaka 26, mwalimu wa shule ya msingi, mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja. Tulikuwa msibani, na aliyefariki ni mama yake mzazi.

Wanangu, ninawaandikia ninyi mliofika miaka thelathini na arobaini, mnaojitegemea, ambao baba au mama yenu bado yu hai. Kumtunza mzee mnajua. Mnamjengea choo cha ndani, mnamlipia bima ya afya, mnamtumia hela na ya kutolea juu. Mungu awazidishie. Lakini lipo jambo moja ambalo naona wengi wenu hamlifanyi, nalo halina gharama: kukaa na mzazi wako mkacheka, ninyi wawili, watu wazima. Mimi nililipata kwa bahati, nikalifaidi miaka kumi na mitano, basi.

Baba alikuwa mkagua tiketi kwenye Reli ya Kati, ile waliyoanza kuijenga Wajerumani mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Aliingia reli enzi za mkoloni, akahamishiwa Dar es Salaam, akastaafu miaka michache baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Akirudi safarini, viatu vyake tulivisikia tangu uchochoroni, nasi watoto sita tukanyamaza kama mwalimu mkuu ameingia darasani. Hakuwa mtu wa fimbo, maana hakuihitaji: uso wake ulitosha. Mama alipomsihi awachangamkie watoto, alikuwa na jibu moja, na sisi wote tulilijua kwa moyo: ukimchekea nyani utavuna mabua.

Simlaumu. Tena nataka mwelewe kwa nini simlaumu, kwa sababu wengi wenu mmelelewa na uso kama ule na mnadhani haukuwa na mapenzi nyuma yake. Katika mila zetu, kazi ya kulea iligawanywa. Mzazi alipewa kufunda na kukanya. Babu na bibi wakapewa utani. Ndiyo maana babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na bibi humwambia mjukuu wa kiume kwamba kwa mume goigoi kama yeye ni heri arudi kwao. Mtoto alikuwa na ruhusa ya kujibu, na akijibu vizuri alisifiwa. Jibu lilelile akimpa baba yake, ingekuwa kesi. Mtoto alikanywa mlango huu, akaenda kucheka mlango wa pili, ua uleule, na jioni alikuwa amelelewa mzima.

Halafu mji ukaukata ua ule katikati. Baba alifuata kazi pwani, bibi akabaki Tabora na utani wake. Sisi tuliokulia nyumba za kupanga za Ilala tulipata ile nusu ya kukanywa. Nusu ya pili tuliipata likizo ya Desemba tu, wiki tatu, tukiwa kwa bibi, tukigombania kumletea ugoro wake. Bibi alikuwa haishi kuupoteza ugoro. Kila asubuhi ilianza kwa sauti yake kutoka chumbani: "Wewe mtoto, ugoro wangu uko wapi?" Mtoto huyo, mara nyingi, nilikuwa mimi.

Uzeeni bibi akaletwa Dar kuuguzwa, na huko ndiko alikofia.

Msiba wenyewe ulikuwa na watani, maana Wazaramo ni watani wa Wanyamwezi. Wazee wetu waliueleza utani huo kwa misafara ya zamani, wapagazi wa bara walipokuwa wakishuka pwani na mizigo. Mtani ana haki msibani ambayo ndugu hana. Atazuia jeneza, ataficha jembe, atadai alipwe ndipo watu wakazike, na atamwiga marehemu mbele ya wafiwa. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Siku ya maziko, mama mmoja wa Kizaramo, jirani wa baba wa miaka mingi, alisimama mbele ya gari tulilokodi akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili: "Nyie Wanyamwezi mlibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, leo kikongwe kimoja chembamba kimewashinda mpaka mnakodi gari?" Watu walicheka. Baba hakucheka. Alitoa hela ya mtani kama inavyopasa, akapanda gari.

Siku ya tatu ndipo lilipotokea jambo lenyewe. Wenye umri wangu wanaukumbuka mwaka ule. Sabuni na sukari zilikuwa za foleni, Waziri Mkuu Sokoine ametangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na watu walikuwa wakitupa mali usiku kwa hofu ya kukutwa nayo. Tulikuwa uani baada ya hitima, wanaume kwenye majamvi yao, wanawake upande wetu, nami nimebeba sinia la vikombe. Mtani yule akatoka ndani. Amejifunga khanga za bibi, ameshika mkongojo wa bibi, mgongo umepinda vilevile, na mguu wa kushoto anauburuta vilevile. Akaenda moja kwa moja hadi mbele ya baba. Akasema, kwa sauti ambayo ilinisimamisha nywele: "Wewe mtoto, ugoro wangu uko wapi?"

Uani kukawa kimya. Akainama, akafunua pembe ya jamvi alilokalia baba, akatoa kipande cha sabuni ambacho bila shaka alikiweka mwenyewe, akakiinua juu. "Jamani, njooni mwone! Mhujumu huyu! Mama yake anaoshwa kwa maji matupu, yeye ameikalia sabuni!"

Baba aliinamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Kisha akainua uso, machozi yanamtiririka, mdomo wazi, anacheka kicheko kilichokuwa kimefungiwa miaka yote ile, cha kifuani, cha kukosa pumzi. Na kabla hajamtazama mtu mwingine yeyote, alinitafuta mimi. Alipitisha macho juu ya watu wote wale mpaka yakanipata na sinia langu, kwa kuwa alijua ni nani mwingine pale aliyewahi kuulizwa ugoro uko wapi. Sinia nililiweka chini. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye udongo.

Nimelifikiria tukio hilo kwa zaidi ya miaka arobaini sasa. Mtu akicheka kwa dhati, macho yake humtafuta mwenzake, yule anayejua anachekea nini. Hachagui kwa akili, macho yanakwenda yenyewe. Siku ile macho ya baba yalinichagua, na tangu hapo hakuweza tena kunifanya mtoto wa kunyamazishwa kwa uso. Nami sikuweza tena kumwogopa. Heshima yake haikupungua hata chembe. Niliendelea kumpa shikamoo nikiwa nimepiga goti, na aliitikia marahaba kwa sauti ileile. Kilichoongezeka ni kwamba baada ya marahaba palikuwa na mazungumzo.

Alikuwa na visa vya reli ambavyo hatukuvijua. Nilipokuwa nikishuka kutoka Morogoro, nilikoishi, kumsalimu, alinisimulia kimoja kimoja, na kisa cha jogoo ndicho kilichokuwa mfalme wao.

Alfajiri moja, katikati ya Itigi na Manyoni, alikuwa anakagua tiketi daraja la tatu. Abiria mmoja alikuwa na kikapu chini ya kiti, amekifunika kwa kitenge. Ndani yake mna jogoo, na jogoo yule hajalipiwa. Baba akapokea tiketi ya yule bwana. Kulikuwa kunapambazuka, na jogoo hajui mambo ya nauli: akawika. Behewa zima likatulia. Yule bwana, bila kupepesa macho, akasema, "Samahani mkubwa, nimekohoa." Baba akamtazama. Akamwambia, "Pole sana. Kohoa tena." Yule bwana akavuta pumzi, akajitahidi, akawika. Na jogoo, kwa kusikia mwenzake, akamjibu kutoka kapuni.

Nilimwuliza baba mara nyingi kama alimtoza faini. Kila mara alijibu, "Ningemtozaje? Mtu mgonjwa."

Kisa hicho nimekisikia mara ngapi sijui. Mwaka 1990 nilikuwa nimekihifadhi chote, pamoja na mahali anapovuta pumzi. Nilimwacha akisimulie mpaka mwisho kila mara, na kila mara nilicheka kweli, maana nilikuwa sichekei tena jogoo. Nilikuwa nachekea uso wa baba anavyokaribia lile neno, anavyojizuia, anavyonitazama kuona kama nami najizuia. Neno "kohoa tena" likawa letu. Mtu akidanganya waziwazi mbele yetu, baba aliniinamia akaninong'oneza: kohoa tena. Ndugu zangu hawakuelewa tunacheka nini.

Mwaka 1998 alilazwa, mapafu. Alikuwa amedhoofu sana na hazungumzi zaidi ya maneno mawili matatu. Akaja daktari kijana, mpole, akamweka kipimo mgongoni. "Mzee, hebu kohoa." Akakohoa. Daktari akasogeza kipimo. "Kohoa tena."

Nilitazama ukutani. Nilijua nikimtazama baba itakuwa balaa. Nikasikia kitanda kinatetemeka, na nilipogeuka, yule mzee asiye na nguvu ya kushika kikombe alikuwa anacheka, macho yamenikazia, machozi yanaingia masikioni. Nilicheka nimeshika nguzo ya kitanda. Daktari aliogopa, akadhani amepaliwa, akamwita muuguzi. Tulishindwa kumweleza. Siku kumi na moja baadaye baba alifariki. Katika kila nilicho nacho cha baba, pamoja na saa yake ya reli, sina ninachokithamini kuliko dakika ile.

Sasa nisikilizeni. Mimi mwenyewe nimevuka miaka 68, na nimejua jambo ambalo nikiwa na umri wenu nisingeweza kulijua. Mzee hupungukiwa na watu wa kucheka nao mapema kuliko anavyopungukiwa na nguvu. Shoga zangu wa chuo cha ualimu tulikuwa wanne. Nimebaki na mmoja, na masikio yake hayasikii simu. Mume wangu ametangulia. Kuna maneno kichwani mwangu ambayo zamani yangeangusha watu chini kwa kicheko, na leo nikiyasema hakuna anayejua yametoka wapi. Majirani wananistahi, wananiletea uji, wananiita bibi. Lakini wa kunielewa kabla sijamaliza sentensi, hao nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na wawili kati yao nimewazaa mwenyewe.

Mzazi wako naye yuko hivyo. Anakupokea kama mwanawe anayemletea dawa, na anafurahi, lakini anayemkosa ni mwenzake. Nafasi hiyo wewe unaiweza. Ulikuwepo. Unamkumbuka yule mbuzi aliyekula cheti cha ubatizo, unamkumbuka shangazi aliyekuwa akitia chumvi chai ya wageni asiowapenda. Kila familia ina visa vyake. Hivyo ndivyo akiba yenu, na hakuna mtu wa nje anayeweza kumchekesha mzazi wako kwa vitu hivyo.

Mnaniambia, mama, mbona tunapiga simu. Mnapiga, kweli. Lakini simu zenu zina shida ndani yake. Tangu kutumiana pesa kwa simu kulipoingia nchini mwaka 2008, mazungumzo mengi ya mzazi na mtoto yamekuwa ya karani: imeingia? Imeingia. Umekwenda kliniki? Nimekwenda. Haya, mama, kazi njema. Jina la mtoto likitokea kwenye kioo saa isiyo ya kawaida, moyo wa mzazi unaruka, anapokea kwa kusema kuna nini. Piga siku moja umwambie, mama, nimepita sokoni leo nimemwona mtu anatembea kama mjomba. Usiseme zaidi. Mwache yeye amalizie.

Kiswahili kimetuwekea mpaka mzuri hapa, na nimeufundisha darasani miaka mingi. Kumcheka mtu ni jambo moja, kucheka naye ni jingine. Mzee akisahau jina lako akakuita jina la mdogo wako, akimeza herufi kwa kukosa meno, akiishika simu kichwa chini, usimcheke. Yeye akianza, akajicheka, hapo umekaribishwa, ingia. Asipoanza, pita kimya. Na hili la kumrekodi mama yako akikosea kutamka jina la dawa, ukamrusha mtandaoni watu elfu wasiomjua wakamcheka, ni aibu. Sina neno laini kwa hilo. Mama yule alikufunga nepi na hakuwaita majirani waje kutazama.

Wapo pia wasioweza kucheka na wazazi wao kwa sababu walichotendewa utotoni kilikuwa kikubwa kuliko uso mkali. Nyinyi siwalazimishi. Palipo na jeraha, mkubwa ndiye wa kuanza, na aanze kwa kuomba radhi. Kicheko kinachotumika kufunika jambo ambalo halijasemwa huacha uchungu mdomoni.

Na ninyi wazazi wenzangu mnaosomewa haya na watoto wenu, neno moja. Nyani amekwisha kukua. Shamba amelilima, mahindi amevuna, watoto wake wako shuleni. Unaulindia nini tena uso huo? Baba yangu alinielekezea macho mara moja tu uani pale, na mimi nikaja mwenyewe safari yote iliyobaki. Watoto hawahitaji uwe mchekeshaji. Wanahitaji ishara kwamba mlango hauna komeo.

Binti yangu mkubwa, yule niliyekuwa naye mdogo mwaka 1983, sasa anakaribia kupata wajukuu. Hakuwahi kupanda daraja la tatu na babu yake. Treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, alikuja kunichukua ili nionje, nikae kwake wiki mbili. Ndani ni baridi, viti vina vitambaa safi, kila mtu anatazama simu yake. Mhudumu kijana aliyevaa sare alipita akiangalia tiketi, akatusalimu, akaenda. Binti yangu alisubiri apite. Kisha akainama polepole, akachungulia chini ya kiti changu, akainuka, akaninong'oneza sikioni: "Mama, leo hakuna anayekohoa."

Nilicheka mpaka Ngerengere. Yule wa kiti cha mbele aligeuka mara mbili. Nilimtafuta binti yangu kwa macho na alikuwa ananitazama tayari.

Basi leo, ukitoka kazini, mpigie. Fedha mtume kesho. Dawa mwulize kesho. Leo mwombe akusimulie kile kisa ambacho unakijua chote, na usimkatize.